Kisima cha Ukurasa wa Nne

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa maji. Nilitoka nje wakati wanawake wa Kashikishi wanatandaza chisense, vile visamaki vidogo vya Ziwa Mweru, juu ya mchanga ili vikauke. Nilichukua ndoo yangu, nikasokota kata ya kitambaa, kisha nikaenda kumwamsha Luse. Luse alikuwa na miaka kumi na miwili kama mimi, lakini kuamka kwake kulikuwa kwa bibi wa miaka themanini. Nilimwita mara mbili kwa mdomo, na mara ya tatu nilimvuta mguu.

"Luse, lamuka. Jua iko inatoka."

"Iache itoke," alijibu ndani ya shuka. "Jua haiendake ku masomo."

Nyumba ilikuwa ya mama yake. Mimi, mama yangu Ngalula na mdogo wangu Guylain tulivuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Kongo, mwanzoni mwa mwaka 1999, vita vilipoanza kutukaribia. Baba alibaki kulinda nyumba akasema atatufuata. Hakutufuata, wala hatukupata habari zake. Pale bandarini Mama Matildah, mama yake Luse, alitukuta tumekaa juu ya mafurushi yetu. Alimfahamu mama kidogo kwa ajili ya biashara ya samaki, iliyofanya nyumba yake nzima ijue Kiswahili chetu. Alitutazama, akasema, "Mukuye. Nyumba iko." Hakuuliza tutakaa siku ngapi. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Mama Matildah hakumpa mama jembe. Mama alilitafuta mwenyewe, akaanza kupasua samaki pamoja naye siku ya pili tu.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na kisima cha mchanga. Watu wa ufukoni pale wana desturi ya kuchimba shimo hatua chache kutoka ziwani. Maji hujipenyeza polepole ndani yake, yakatulia, baridi na meupe kuliko ya ziwa lenyewe, na watu husema mchanga umeyachuja. Kisima hicho kilichimbwa na marehemu mume wa Mama Matildah. Alikizungushia mawe, na kila Jumamosi mjane wake alifagia pembeni yake kama mtu anayefagia kaburi. Nyumba nne zilichota hapo. Pampu ya zahanati ilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa ndefu.

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Wiki ya tatu baada ya sisi kufika, Guylain alianza kuharisha. Alikuwa na miaka sita. Alikufa siku ya pili, adhuhuri, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mama. Majirani walitufariji wakisema ni uchovu wa safari. Mimi nilisema moyoni kwamba safari iliisha wiki tatu zilizopita.

Mchota maji huona mambo ambayo mnywa maji hayaoni. Baada ya kila mvua kubwa, maji yaliteremka kutoka mahali pa kupasulia samaki, yakapita kwenye matete ambako watu wasio na choo walijisaidia, yakaingia kisimani. Alfajiri maji ya kisima yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Kufikia mchana yalikuwa yametulia, meupe tena, na kila mtu aliyachota bila wasiwasi. Nilianza kuhesabu watoto walioharisha katika mtaa wetu. Walikuwa watano, na wote walikuwa wa zile nyumba nne.

Nilimwambia mama. Alikuwa anaosha kisu cha samaki, na aliendelea kukiosha hata kilipokuwa kimeshatakata.

"Fidélie," alisema, "tuko tunalala mu nyumba ya nani?"

"Ya Mama Matildah."

"Bon. Na ile kisima ni ya nani?"

Nilielewa. Mgeni atamwambiaje mwenyeji wake kwamba maji uliyotupatia ndiyo yaliyomuua mtoto wetu? Mama alikuwa amezika mtoto katika nchi ya watu, na hakuwa na nguvu ya kupoteza na paa la nyumba. Simlaumu, hata leo.

Basi nilitafuta njia ya pembeni. Nilimwambia Luse kwamba napenda kuchota pampuni kwa sababu kule kuna wasichana wengi wa kupiga nao soga. Ulikuwa uongo. Luse alilalamika njia nzima, lakini alikuja. Kwa kuwa nyumba nzima tulikunywa kutoka mtungi mmoja, mtungi wa jikoni kwa Mama Matildah, kila mtu pale alianza kunywa maji ya pampu bila kujua sababu.

Siku ya tatu ya safari zetu za pampu, mwalimu wetu alituletea jambo. Aliitwa Bwana Mwaba, na sisi tulimwita Ba Ticha. Darasa la sita lilikuwa na watoto hamsini na sita, na kumi kati yetu tulitoka ng'ambo ya ziwa. Kiingereza chetu kilikuwa cha salamu tu. Kwa bahati Ba Ticha alikulia Mununga, upande huo huo wa ziwa, ambako mama yake aliuziana samaki na Wakongo, kwa hiyo Kiswahili cha sokoni alikijua. Kukisoma ndiko kulikomchosha. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Batoto, mutu wa zahanati anaomba musaada yenu," alisema. "Watu banaharisha, na yeye hajue mitaa yote. Nyinyi munajua. Kila mutu aandike ripoti: ugonjwa inatoka wapi mu mtaa wenu? Ripoti zenye kusaidia nitazipeleka kwake. Benye kutoka ng'ambo, mwandike Kiswahili tu. Nitasoma."

Nilihisi Mungu amenifungulia mlango. Karatasi haina macho. Jambo ambalo sikuweza kumwambia Mama Matildah usoni, ningeweza kuliambia daftari, na daftari lingelipeleka zahanati.

Nikaandika kama nilivyofundishwa. Madame, mwalimu wetu wa kule Kilwa, alikuwa mkali kuhusu mambo mawili. La kwanza, usimrushie msomaji jambo zito mlangoni. Anza mbali, mshike mkono, mpandishe ngazi moja baada ya nyingine, na jambo zito liweke juu kabisa, mwisho. La pili, usirudie neno lile lile. Anayerudia neno, alisema madame, anaonyesha kwamba mfuko wake wa maneno ni mtupu. Nyumbani nako tulilelewa hivyo hivyo. Mtu akileta habari ya msiba, hukalishwa kwanza, hupewa maji, husimulia njia aliyopita, na kifo hukitaja baadaye, wakati wasikilizaji wameshaanza kukihisi wenyewe. Shule na nyumbani vilikubaliana, nami nilikuwa mwanafunzi mtiifu.

Nilijaza kurasa nne. Katika ukurasa wa kwanza niliandika juu ya Kilwa, nyumba yetu na ziwa tulilovuka. Wa pili nilimsifu Mama Matildah kwa ukarimu wake. Wa tatu nilimwandika Guylain. Katika ukurasa wa nne, mistari ya mwisho kabisa, niliandika kwamba pengine ile zawadi baridi tuliyopewa ilikuwa na jambo ndani yake baada ya mvua. Kisima nilikuwa nimekitaja mara nne katika insha nzima, na kila mara kwa jina jipya: chemchemi, neema ya wenyeji wetu, kioo cha mchangani, zawadi baridi. Neno kisima lenyewe halikuwamo. Nilipomaliza nilijisomea, nikalia. Niliamini kwamba yeyote atakayesoma atalia pia, kisha atainuka na kwenda kukifunga kisima.

Baada ya siku sita Ba Ticha alirudisha madaftari. Langu lilikuwa na nane juu ya ishirini kwa wino mwekundu, na maneno haya: "Lugha nzuri sana. Lakini umetoka nje ya swali. Ripoti iko wapi?"

Niliyasoma maneno yale mara nyingi hadi kengele ikalia. Kila nilipoyasoma yalinieleza jambo moja tu: Ba Ticha amesoma habari ya kisima, na ameona ni nje ya swali. Yeye ni mtu mzima, ni mwalimu, na amezaliwa kwenye ziwa hili. Mimi ni mtoto wa kuja. Ikiwa yeye ameona kisima hakihusiani na ugonjwa, basi mimi ndiye mwongo, tena nimemsingizia mtu aliyenipa mahali pa kulala. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake asubuhi Luse alisimama na ndoo yake, uso umekunjamana. "Fidélie, leo tena ku pampu?"

"Apana," nilisema. "Tuchote tu hapa."

Alifurahi sana. Nakumbuka alivyofurahi, alirudi kulala kidogo. Tulikuwa tumechota pampuni siku tisa.

Jumapili ilinyesha mvua kubwa. Siku ya Jumanne, Nkandu, mdogo wake Luse, alianza kuharisha na kutapika. Nkandu alikuwa na miaka minne, na kwa ulimi wake jina langu lilikuwa "Fide". Tangu Guylain afe, nilikuwa nimemzoea zaidi ya ilivyonipasa, kwa sababu alilala usingizi wa mchana akiwa amekunja mkono mmoja chini ya shavu, kama Guylain. Mama Matildah alimbeba mgongoni hadi zahanati. Walimtundikia maji, lakini walisema amechelewa, mwili wake mdogo umekauka. Jumatano kabla ya adhuhuri nilimwona Mama Matildah akirudi. Nkandu hakuwa mgongoni. Alikuwa amembeba mbele, amemfunika kitenge.

Nimejaribu kuieleza siku ile mara nyingi, na kila mara naishia hapo. Kilio cha Luse nilikisikia kwa miaka. Nililia pamoja na wote, watu wakanibembeleza na kuniita mtoto mwenye huruma, nami nikatamani ardhi inifunike, kwa maana nilijua jambo ambalo wao hawakulijua.

Tulimzika Alhamisi. Ijumaa mchana, wenzangu walipokwisha kutoka darasani, nilibaki. Ba Ticha alikuwa anafuta ubao. Aligeuka, akaona ninalia.

"Pole, mwana," alisema. "Nilisikia msiba wenu."

Nikampa daftari. "Ba Ticha, usome mwisho."

"Nilishasoma hii."

"Mwisho, mukwai," nilisema, kwa neno lao la heshima. "Ukurasa ya ine."

Alilichukua, akafungua, akaweka kidole kwenye mstari. Midomo yake ilicheza polepole. Alifika chini, akarudi juu, akasoma tena. Kisha alivuta benchi la watoto na kuketi juu yake, mtu mzima na magoti yake marefu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii zawadi baridi ni nini?"

"Ni kisima ya Mama Matildah."

"Na kioo?"

"Ni kisima."

"Na neema ya wenyeji?"

"Ni ile ile kisima, Ba Ticha. Madame alikatazaka kurudilia neno moja."

Nje watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanaimba. "Fidélie," alisema, "sikufika ukurasa ya ine. Nilisoma mbili. Nilikuwa na makaye hamsini na sita ya kusahihisha, na Kiswahili ninasoma pole pole. Niliona Kilwa, niliona mashua, niliona nyumba, nikasema huyu mutoto anatuandikia safari yake. Hata chemchemi niliiona, nikafikiri ni maji fulani ya kwenu Kongo. Nikaandika nane, nikafunga."

Nilikuwa nimekuja kukiri kosa langu, na sasa nilimwona mwalimu wangu akifuta macho kwa mkono uliojaa chaki. Nilisema, "Mi nilifikiri ulisoma, ukaona ni bongo, ni uongo tu. Ndiyo maana tulirudia ku kisima."

"Nyamaza," alisema, lakini si kwa ukali. "Hii kosa ni ya kwangu. Mwalimu mwenye kuandika nambari lazima afike mwisho. Utaikumbuka ile, siku utakuwa mukubwa: mutoto hakuua mutu. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Kusikia ni jambo moja na kuamini ni jingine, lakini nilisema nimesikia.

Kisha alichukua karatasi safi, akaniketisha karibu naye. "Madame wako hakukosea," alisema. "Alikufundisha kuandikia mutu mwenye kukaa na wewe, mwenye iko na wakati, anatembea na wewe pole pole mpaka juu. Ile ni heshima. Lakini mutu wa zahanati hayuko vile. Ana watu mulangoni, ana dakika kumi. Atasoma mistari mitatu. Ukimwekea jambo ku mwisho, unamufichia. Kwa kazi ya namna hii, jambo kubwa inakaa mbele. Sasa niambie, jambo kubwa ni nini?"

Nilishika kalamu. Kalamu ilikaa juu ya karatasi hadi wino ukafanya doa. Ba Ticha hakunisaidia wala hakuniharakisha. Mwishowe niliandika: "Maji ya kisima kilicho nyuma ya nyumba ya Mama Matildah yanaleta ugonjwa."

"Muzuri. Sasa ukae hapo hapo. Usitoke mu kisima mpaka umalize habari yake. Kila mustari ishike mukia ya mwenzake."

Nikaendelea. Kisima hicho kiko chini ya mahali pa kupasulia samaki. Mvua ikinyesha, uchafu wa juu unaingia katika kisima hicho. Nyumba nne zinakunywa maji ya kisima hicho. Tangu mwezi wa pili, watoto sita wa nyumba hizo wameharisha, na wawili wamekufa. Siku tisa tulipochota pampuni na kuacha kisima hicho, hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyeugua. Kisima, kisima, kisima. Niliona haya kama mtu aliyevaa nguo moja wiki nzima. Lakini niliposoma kwa sauti, hakuna mahali ambapo mtu angeweza kupotea.

"Na Guylain?" niliuliza. "Hapa iko tu hesabu. Watoto wawili wamekufa. Jina yake haiko. Ya Nkandu pia haiko."

Ba Ticha alitafakari. "Geuza karatasi," alisema. "Upande wa pili ni wako. Pale anza na Kilwa kama unataka, andika kama madame alivyokufundisha. Mutu akishajua kisima, atakuwa na roho ya kukufuata."

Niliandika upande wa pili, na majina yote mawili yamo.

Karatasi ile haikwenda zahanati moja kwa moja. Ba Ticha alisema haifai Mama Matildah aje kusikia habari ya kisima chake kutoka kwa mtu mwingine. Jumamosi alikuja nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kumweleza mama kila kitu, na mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Tuliketi mkekani mbele ya mfiwa. Hapo hakuna aliyetanguliza jambo kubwa. Mama ndiye aliyesema, na alianza mbali kabisa: siku ile bandarini, mafurushi, maneno "nyumba iko", sahani ya kwanza ya ubwali, ugali wa kwao, tuliyokula. Alimshukuru kwa Guylain, kwa sanda aliyotoa. Kisha alisema, "Yaya, dada yangu, tulikuficha kitu. Tulikuwa na woga. Mutoto ataisoma."

Nilisoma upande wa kwanza kisha wa pili. Sauti yangu ilikatika kwenye jina la Nkandu. Luse alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia habari za zile siku tisa, aliniangalia mara moja tu, kisha akaingia ndani.

Mama Matildah hakulia wala hakututukana. Alimuuliza Ba Ticha kwa Kibemba kama ni kweli, na Ba Ticha akajibu, "Ee, mukwai." Aliinuka, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimfuata. Alitoa yale mawe ya marehemu mume wake moja moja, akayapanga kando, kisha akaanza kufukia. Mama alitaka kumsaidia, naye akatikisa kichwa. Alifukia peke yake hadi mchanga ukawa sawa na mchanga mwingine.

Mtu wa zahanati alikuja Jumatatu na karatasi yangu mkononi. Aliitisha mkutano wa mtaa, akaeleza kwamba mchanga unachuja takataka unazoziona, lakini vijidudu vya kuharisha ni vidogo mno na hupita. Aligawa dawa ya klorini ya kutia majini, akafundisha kuchemsha, kunawa mikono kwa sabuni, na kumpa mtoto anayeharisha maji yenye sukari na chumvi huku akikimbizwa zahanati bila kungoja kesho. Visima vingine vitatu vya mchanga vilifukiwa. Wanaume walichimba vyoo mbali na maji, na matete yakafyekwa. Hadi mvua zinakwisha, mtaa wetu haukumzika mtoto mwingine.

Luse hakunisemesha wiki tano. Alikwenda pampuni peke yake, nami nilimfuata nyuma, mbali kidogo, na ndoo yangu. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, akaweka ndoo yake na kusema bila kunitazama, "Weka yako hapa mbele yangu." Niliiweka.

Darasani Ba Ticha alisimama mbele ya watoto wote na kukiri kwamba alifunga daftari kabla ya kulimaliza. Sikuwahi kumsikia mwalimu akikiri kitu. "Kila nchi ina njia yake ya kupanga maneno," alisema, "na hakuna njia ya wajinga. Mwandishi, ujiulize nani atasoma na ana muda gani. Msomaji, usimhukumu mutu mpaka ufike mwisho wake." Kisha aliandika maneno hayo ubaoni, na sisi tukayanakili.

Mama Matildah alikaa kimya kuhusu jambo lile hadi kiangazi. Siku moja alasiri tulikuwa wawili tu, tunapasua samaki kwenye meza mpya iliyojengwa mbali na makazi. Alikuwa amekonda. Alikata, akatoa matumbo, akaosha, kisha akasema bila kuinua macho.

"Fidélie, ungeniambia ile siku ya kwanza, ningekasirika. Ningesema ninyi ni bageni babaya. Ningekasirika juma moja, pengine mbili."

"Ndiyo, mama."

"Asira ya juma moja ningeiweza," alisema. "Ukiona kitu inaua batu, useme. Useme mbele, hata sauti inatetemeka, hata kama ni kwangu. Heshima ya kunyamaza, mi siitaki tena."

Nilisema, "Ndiyo, mama," mara ya pili. Alinisogezea beseni la maji safi ninawe mikono, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujifuta machozi na mikono yangu ilikuwa na damu ya samaki.